Modeli Nje, Picha Ndani: Kuunganisha Modeli Yako ya Ndege na FlightGear Juu ya Dumila

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye kompyuta mpakato ya kawaida, unayeweza kuandika programu fupi kwa Python au Octave, na ambaye tayari una milinganyo ya ndege yako mkononi. Labda ni mradi wa mwaka wa mwisho chuoni, labda ni droni ya mabawa ambayo kikundi chenu kinataka kuijenga. Unatamani kuiona ikiruka juu ya nchi unayoijua. Chukua Dumila, pale barabara ya Kilosa na Mikumi inapoachana na ile iendayo Dodoma: tambarare upande mmoja, milima ya Ukaguru upande wa magharibi, na ukielekea kusini unaikuta Rubeho nyuma ya Kilosa kabla hujafika Mikumi. FlightGear, simuleta ya bure yenye msimbo huria, ina nchi hiyo yote ndani yake na inakubali kuongozwa na programu iliyo nje yake. Ninachotaka kukushawishi ni jambo moja. Hesabu za mwendo wa ndege zikae nje, FlightGear ibaki na kazi ya kuonyesha, na picha yake usiiamini mpaka namba ulizokokotoa kwa mkono zikubaliane nayo.

Utenganisho huu haukubuniwa jana. FlightGear ilianza mwaka 1996 kwa pendekezo la David Murr, na waanzilishi wake hawakuandika hesabu zao za mwendo wa ndege tangu mwanzo. Waliazima LaRCsim, iliyotoka katika kituo cha utafiti cha NASA cha Langley. Baadaye ikaja JSBSim, iliyoanzishwa na Jon Berndt, ambayo hadi leo ni mradi unaojitegemea: unaweza kuiendesha kwenye terminali bila picha yoyote, ikakupa safu za namba tu. YASim ya Andrew Ross ilifuata njia nyingine, ya kukadiria tabia ya ndege kutokana na umbo lake. Ukiangalia historia hiyo utaona kwamba simuleta hii ilikua kwa kupokea hesabu za watu mbalimbali, na ndani yake mpaka kati ya hesabu na picha ni wazi. Modeli hupokea usukani, nguvu ya injini na hali ya hewa, kisha hutoa mahali ndege ilipo, imeelekea wapi na imeinama kiasi gani. Sehemu inayochora haihitaji kujua majibu hayo yamepatikanaje.

Utaniuliza: kama JSBSim imo ndani ya FlightGear tayari, kwa nini nijisumbue kuweka modeli nje? Swali ni la haki, na kwa watu wengi jibu ni kwamba wasijisumbue. Ukitaka kurusha Cessna 172 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa kujifunza ramani, tumia modeli iliyomo. Njia ya nje inalipa pale ambapo milinganyo ni yako na imeandikwa kwa lugha ambayo FlightGear haiifahamu, au pale unapotaka kujaribu otopailoti ileile itakayopanda kwenye droni halisi, au pale unapotaka matokeo ambayo mwenzako wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji anaweza kuyarudia kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha. Sababu hii ya mwisho naiona nzito kuliko zote. Modeli inayoweza kuendeshwa bila picha inaweza kukaguliwa. Modeli iliyozikwa ndani ya simuleta huishia kusifiwa kwa jinsi inavyopendeza, na kupendeza hakumsaidii mtu anayetaka kujua kama bawa litabeba uzito.

Sasa tuingie kwenye muunganisho wenyewe. FlightGear huambiwa isikokotoe chochote kwa chaguo la --fdm=null, au --fdm=external; maneno mawili, kazi moja. Kisha huambiwa isikilize kwa --native-fdm=socket,in,60,,5500,udp, maana yake: pokea pakiti kwa itifaki ya UDP kwenye poti ya 5500, mara 60 kwa sekunde. Ongeza --lat=-6.4 na --lon=37.4 ili ipakie mandhari ya eneo la Dumila tangu inapowaka, na --disable-real-weather-fetch ili isichote hali ya hewa ya leo kutoka kwenye intaneti. Ukitumia JSBSim kama programu ya pembeni, kazi yako hapa ni ndogo: katika faili lake unaweka mstari mmoja wa matokeo wa aina ya FLIGHTGEAR wenye jina la kompyuta, poti na itifaki, na unaiendesha kwa chaguo la --realtime ili ifuate saa ya ukutani. Ukisahau chaguo hilo, itamaliza safari ya dakika kumi kabla hujageuza macho, na ndege kwenye skrini itaruka kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo.

Kama modeli ni yako mwenyewe, pakiti unaijenga kwa mkono, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Muundo wake umeandikwa katika faili la msimbo liitwalo net_fdm.hxx, lifungue lile la toleo unalotumia, usitegemee nakala ya mtu. Katika toleo namba 24 la muundo huo pakiti nzima ina baiti 408. Inaanza na namba ya toleo yenye baiti nne, zinafuata baiti nne tupu za kujazia, halafu longitudo, latitudo na mwinuko, kila moja baiti nane. Baada ya hapo namba zote ni za baiti nne: mlalo wa mabawa, mwinuko wa pua, mwelekeo, kasi mbalimbali, injini hadi nne, matangi, magurudumu, saa, na mwisho nafasi za usukani na mabawa madogo. Ukiziruka zile baiti nne tupu, kila kitu kinachofuata kinasogea na ndege yako itaonekana popote pale isipokuwa Tanzania. Vilevile namba hizi husafirishwa kwa mpangilio wa mtandao, baiti kubwa ikitangulia, wakati kichakataji cha kompyuta yako kwa kawaida huzihifadhi kinyume. Katika Python alama ya mshangao mwanzoni mwa muundo wa struct inamaliza matatizo yote mawili kwa pamoja, maana inageuza mpangilio na pia inazuia lugha kuongeza nafasi tupu kwa hiari yake. Zile nne unaziweka wewe. Kabla ya kutuma chochote, pima urefu wa pakiti. Ikiwa si 408, usiendelee.

Kosa la vipimo ni adui mkubwa zaidi kuliko kosa la msimbo, kwa sababu programu haitalalamika. Longitudo na latitudo hutumwa kwa radiani, ingawa ulipoiwasha FlightGear uliandika digrii. Mwinuko hutumwa kwa mita. Kasi ya kupanda na kasi za kaskazini, mashariki na chini hutumwa kwa futi kwa sekunde, na kasi ya hewa hutumwa kwa maili za baharini kwa saa. Mchanganyiko huu hauna mantiki ya kuikariri. Ni urithi wa miaka mingi, na dawa yake ni kuandika sehemu moja tu ya programu inayobadilisha vipimo, modeli yenyewe ikibaki kwenye mita, kilo na sekunde. Dumila iko takribani digrii 6.4 kusini na 37.4 mashariki, kwa hiyo namba sahihi ni longitudo 0.6528 na latitudo hasi 0.1117. Ukisahau alama ya hasi, utajikuta digrii 6.4 kaskazini, kusini mwa Ethiopia, si mbali na Arba Minch: milima ipo, kijani kipo, na mtu asiye makini anaweza kuamini kabisa kwamba ameiona Ukaguru. Ukibadilisha nafasi za longitudo na latitudo, kosa rahisi kwa kuwa watu wengi wamezoea kutaja latitudo kwanza, utaibukia Hispania, magharibi kidogo ya Sevilla. Nimetaja mifano hii kwa makusudi. Makosa yote mawili yanakupa picha safi isiyo na dosari ya kuchora. Ukweli unaupata kwa kusoma namba za mahali ndani ya FlightGear, na njia nyepesi ni kuiwasha kwa --httpd=8080 kisha kufungua localhost:8080 kwenye kivinjari, ambako kila thamani inayotumika inaonekana.

Mandhari nayo ina mambo yake. FlightGear hugawa dunia katika miraba ya digrii moja kwa moja, na kila mraba una jina linalotokana na kona yake ya kusini-magharibi. Dumila imo katika mraba wa e037s07. Mji wa Kilosa uko upande wa pili wa mstari wa digrii 37, kwa hiyo umo katika e036s07. Mji wa Mikumi umo katika e036s08, na hifadhi ya Mikumi inaingia e037s08. Yote manne yamo ndani ya kabati moja kubwa liitwalo e030s10. Kwa mtu anayelipia bando kwa megabaiti, maarifa haya yana thamani ya fedha: badala ya kuiacha simuleta ichote mandhari kila inapowaka, pakua miraba hiyo minne mara moja ukiwa mahali penye intaneti nzuri, iweke kwenye folda, uielekeze FlightGear huko kwa chaguo la --fg-scenery, kisha uzime uchotaji kwa --disable-terrasync. Toka hapo unafanya kazi bila intaneti kabisa.

Lakini kuwa na mandhari hakumaanishi kwamba modeli yako inajua ardhi iko wapi. Modeli ya nje inaishi katika dunia yake: ukiiambia kwamba ardhi ya Dumila ni tambarare yenye mwinuko mmoja, itaamini hivyo hata ndege ikiwa inaelekea ukingo wa Ukaguru, na utaiona ikipita ndani ya mlima bila kutikisika. Ikitua, magurudumu yatazama ardhini au yataelea, kwa sababu mwinuko uliouandika wewe na mwinuko uliomo kwenye mandhari hailingani. Data za mwinuko zinazotumika katika mandhari za namna hii kwa sehemu kubwa zimetokana na vipimo vya rada vilivyofanywa kutoka kwenye chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, na hizo ni wastani wa eneo, si kipimo cha fundi aliyesimama uwanjani. Suluhisho ni kuirudishia modeli habari. FlightGear inajua mwinuko wa ardhi chini ya ndege kila wakati, katika thamani iitwayo /position/ground-elev-m, nawe unaweza kuisoma mara kadhaa kwa sekunde kupitia --telnet=5401 na kuilisha modeli. Kwa ndege inayopaa na kutua tu, hiyo inatosha. Kama unachoiga ni droni inayofuata mto Mkondoa kwa urefu wa mita chache, haitoshi: pakia ramani ya mwinuko ndani ya modeli yenyewe, na uichukulie ya FlightGear kuwa shahidi wa pili. Na ikiwa unalinganisha na kumbukumbu za GPS, hakikisha umejua ni mwinuko gani umeandikwa humo, maana mwinuko wa hesabu ya umbo la dunia na ule wa usawa wa bahari hutofautiana kwa kiasi kinachoweza kuzidi mita kumi katika nchi yetu.

Hewa ndiyo sehemu ambayo modeli nyingi hudanganya bila mwenyewe kujua, na ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya urubani wa bara. Hewa ya kiwango kwenye usawa wa bahari, nyuzi 15, ina densiti ya kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Kiwanja cha ndege cha Dodoma kiko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 1,119. Shinikizo la kawaida pale ni takribani paskali 88,600, na siku yenye nyuzi 30 densiti inashuka hadi karibu 1.02. Chukua ndege ya kilo 1,000 yenye mabawa ya mita za mraba 16, iruke mita 50 kwa sekunde. Katika hewa ya kiwango usawa wa bahari inahitaji kigawe cha kuinua cha 0.40. Katika hewa ile ya Dodoma inahitaji 0.48, sehemu moja ya tano zaidi, bila ya kuongeza abiria hata mmoja. Dumila na Mikumi ziko chini kuliko Dodoma, kwa hiyo tofauti yake ni ndogo zaidi, ila ipo. Sasa, FlightGear ina hewa yake na modeli yako ina ya kwake, na hakuna kinachozilazimisha zifanane. Kipimo cha mwinuko kwenye dashibodi ya ndege kinasoma shinikizo la FlightGear. Modeli yako ikiwa na shinikizo lingine, rubani ataona mwinuko ambao mabawa hayaujui. Weka hali ya hewa moja, iandike kwenye faili moja, na pande zote mbili zisome hapo.

Upepo unastahili onyo la peke yake. Unapotumia modeli ya nje, upepo wa FlightGear hauigusi ndege: utayumbisha soksi ya upepo kiwanjani na kusogeza mawingu, lakini hautaisukuma ndege yako hata sentimita, kwa kuwa ndege inakwenda mahali modeli inaposema. Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Ujerumani la GIZ zilijaribu kupeleka dawa kwa droni kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Hiyo ni kasi ya mita 25 kwa sekunde. Fanya hesabu: droni yenye kasi hiyo angani ikikutana na upepo wa mita 8 kwa sekunde usoni, njia ileile inachukua karibu dakika 59, na betri iliyopangiwa dakika 45 itakwisha juu ya maji. Modeli isiyo na upepo ndani yake ingeonyesha safari nzuri, bendera za upepo zikipepea kwa ukali chini yake. Kwa hiyo andika upepo ndani ya modeli, kisha uiambie FlightGear iuonyeshe uleule, ili macho na hesabu vikae pamoja.

Kuhusu muda, kanuni ni fupi. Modeli ipige hatua nyingi kuliko picha. JSBSim kwa kawaida hupiga 120 kwa sekunde, na kutuma 60 kunatosha. Ndege inayokwenda mita 50 kwa sekunde husogea sentimita 83 kati ya pakiti mbili ukituma 60, na mita 5 ukituma 10, na hizo mita 5 utaziona kama mtikisiko ambao utaudhania kuwa kosa la aerodinamiki. Ikiwa unataka usukani wa FlightGear uiongoze modeli, ongeza --native-ctrls=socket,out,60,localhost,5501,udp, na programu yako isikilize huko. Jua tu kwamba sasa umefunga duara: joistiki, FlightGear, modeli, na kurudi FlightGear. Kila kituo kinachelewesha kidogo, na ucheleweshaji ukiwa mkubwa rubani ataanza kuyumbisha ndege iliyo imara kwa kuifukuzia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya maabara za Ulaya, na kwamba kompyuta zetu na intaneti yetu haviyawezi. Hesabu haikubaliani nao. Pakiti ya baiti 408, pamoja na anwani zake, ni baiti 436. Mara 60 kwa sekunde ni kama kilobaiti 26, mzigo mdogo kuliko simu ya video. Kompyuta yako ikielemewa na kuchora, peleka modeli kwenye kompyuta nyingine kuukuu na uziunganishe kwa hotspoti ya simu. Pakiti zinazopita kati ya mashine mbili za nyumbani hazigusi bando. Kinachobana ni kadi ya picha, na hilo linapunguzwa kwa kuzima vivuli, mawingu mazito na misitu. Octave, Python, JSBSim na FlightGear zote ni za bure. Ugumu uliobaki ni wa fikra, na huo unafanana kila mahali.

Nimesema picha isiaminiwe, basi nikuonyeshe utaiaminije. Mwaka 2015 NASA ilichapisha mkusanyo wa majaribio ya kulinganisha programu mbalimbali za kuiga mwendo wa vyombo vya anga, JSBSim ikiwemo, na mfululizo wake wa angahewa unaanza na kitu rahisi kupita vyote: tufe linaloangushwa bila ukinzani wa hewa. Wataalamu wenye ndege za kivita na roketi mezani walianza na tufe, nawe anza hapo. Toa mabawa, injini na hewa katika modeli yako, weka kitu juu ya Dumila mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kiachie. Baada ya sekunde 10 kiwe kimeshuka mita 490. Soma mwinuko kwenye kivinjari. Kama umeshuka 1,600 umechanganya futi na mita mahali fulani, na kama umechukua sekunde 20 saa yako ina tatizo. Jaribio la pili ni mzunguko. Mita 50 kwa sekunde, geuza digrii 3 kila sekunde: duara litimie kwa dakika mbili, kipenyo chake kiwe karibu kilomita 1.9, na mabawa yalale digrii 15 pungufu kidogo. Hili linakagua alama za mlalo na mwelekeo, maana ukikosea alama ndege italalia kulia huku ikigeukia kushoto. Jaribio la tatu ndilo linaloigusa modeli kamili. Ndege iliyotulia ikisukumwa pua kidogo kisha ikaachwa, hupanda na kushuka polepole kwa mawimbi ambayo wataalamu huyaita fugoidi. Mhandisi Lanchester alionyesha zaidi ya karne moja iliyopita kwamba muda wa wimbi moja hutegemea kasi peke yake kwa makadirio: zidisha kasi ya mita kwa sekunde kwa 0.453. Kwa mita 50 unapata karibu sekunde 23. Kwa droni ya mita 25, sekunde 11. Pima kwenye faili la modeli, kisha pima kwenye skrini kwa saa ya simu. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, muunganisho una kasoro. Vikikubaliana lakini vikawa mbali na makadirio, modeli ndiyo ya kuangaliwa.

Angalia kwamba hakuna hata jaribio moja kati ya hayo linalotegemea uzuri wa picha. Hapo ndipo naona jibu la pingamizi kubwa kuliko yote, la wanaosema kwamba FlightGear ni mchezo. Muunganisho ambao unaweza kukataliwa kwa saa ya simu na kalamu ni chombo cha kazi, hata kama mandhari yake haipendezi. Simuleta ya gharama kubwa ambayo haikupi nafasi ya kuukagua mwendo wake haikufai kwa kazi hii, hata kama nyasi zake zinapeperuka. Siwezi kukuambia kwamba saa utakazoruka nyumbani zitahesabiwa kwenye leseni ya urubani, hazihesabiwi. Ila uamuzi wa kiufundi, kwa mfano kama bawa hili linafaa kubeba kamera hii juu ya Kilosa mwezi wa joto, unaweza kupimwa humu kwa uaminifu.

Na kazi za kupima zipo. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata reli ya kati Kilosa, na yale ya Januari 2014 yaliikata barabara kuu hapo Dumila. Zanzibar, kuanzia 2016, ilichorwa ramani kwa droni ndogo za mabawa zilizorushwa na vijana wenyeji, kwa hiyo hatuzungumzii ndoto. Anayetaka kupanga namna ya kulipiga picha bonde la Mkondoa baada ya mvua kubwa anaweza kuchukua ArduPilot, programu huria ya otopailoti ambayo ina simuleta yake ya ndani na hutuma pakiti hizihizi kwa FlightGear, kwa kawaida kwenye poti ya 5503. Mahali pa kuanzia huandikwa kwa --custom-location, safari hii kwa digrii, latitudo ikitangulia. Usichanganye na radiani za pakiti. Hapo otopailoti inayoongoza ndege ya skrini ni ileile utakayoiweka kwenye ndege ya kweli, na njia uliyoipanga itajaribiwa dhidi ya milima, upepo na betri kabla ya kugharimu chochote.

Ukimaliza, hifadhi pamoja vitu vitatu: msimbo wa modeli, faili la hali ya hewa uliyotumia, na matokeo ya majaribio matatu, kisha viachie chini ya leseni huria ili mwingine avikague na kuvirekebisha. Wala usiipeleke droni halisi angani kwa sababu tu imefaulu kwenye skrini. Kuirusha kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya Wizara ya Ulinzi, na ukivuka mpaka wa hifadhi ya Mikumi unahitaji pia kibali cha TANAPA.